Muuguzi Anayebisha Hodi



Tukiwauliza wasichana na wavulana wanaosomea uuguzi hapa Lualaba wanatamani kufanya kazi wapi, wengi hujibu bila kusita: hospitalini. Mawazoni mwao wanaona koti jeupe, vitanda vilivyopangwa kwa safu, dawa juu ya sinia na daktari apitaye asubuhi. Ni wachache sana wanaojibu: majumbani mwa watu. Kwenda kwa miguu mlango kwa mlango, kuketi kwenye kigoda jikoni kwa mama aliyejifungua juzi, kuuliza maji yanachotwa wapi na mtoto analala wapi, hayo huonwa kuwa kazi ya mtu aliyekosa nafasi wodini.

Katika tafakari hii tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba ina historia yake. Kutembelea nyumba kwa ajili ya afya ni taaluma kamili. Katika nchi zilizoikuza, mtu humaliza kwanza masomo ya uuguzi, ndipo hurudi darasani kujifunza namna ya kuingia nyumbani mwa watu. Huku kwetu, kuanzia ukanda wa shaba hadi Musumba, kazi hiyo imepitia zama mbili. Katika zama za kwanza, walioingia nyumbani mwetu walikuwa na maarifa, lakini hawakuaminiwa. Katika zama za pili, wanaoingia wanaaminiwa, lakini hawakupewa maarifa ya kutosha. Tunaandika kwa sababu kizazi chenu kinaweza kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Jinsi taaluma hii ilivyozaliwa

Katika karne ya 19, miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa watu waliotoka mashambani kutafuta kazi, kama Kolwezi ilivyokuja kujaa baadaye. Nyumba zilibanana, maji yalikuwa machafu, na watoto wachanga walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa kuhara. Mwaka 1862 wanawake wa Manchester na Salford waliunda chama cha kuboresha usafi wa makazi. Mwanzoni waligawa karatasi zenye mashauri ya afya, kisha wakatambua kwamba karatasi peke yake haibadilishi mambo jikoni. Ndipo wakaajiri wanawake wa tabaka la wafanyakazi, wenye kuyajua maisha ya mtaa, ili waende mlango kwa mlango kufundisha na kusaidia. Wanawake hao hawakuwa wauguzi. Walichokuwa nacho ni kukubalika.

Miaka 30 baadaye, Florence Nightingale, anayetajwa duniani kote kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alishiriki kuanzisha mafunzo ya wanawake wa aina hiyo katika eneo la Buckinghamshire. Mwaka ulikuwa 1892, naye alikuwa amepita umri wa miaka 70. Msimamo wake wastahili kukumbukwa: kumuuguza mgonjwa ni kazi moja, na kumsaidia mtu mzima abaki mzima ni kazi nyingine, yenye mafunzo yake. Tofauti hiyo si ndogo. Wodini, muuguzi ndiye mwenyeji na mgonjwa ni mgeni. Nyumbani mambo hugeuka: mama ndiye mwenyeji, na muuguzi, hata awe na vyeti vingapi, ni mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Polepole Waingereza waliunganisha kukubalika na elimu. Mwaka 1962 sheria yao iliunda baraza la kusimamia mafunzo ya watembeleaji wa afya. Hadi leo, anayetaka kazi hiyo sharti kwanza awe muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, kisha asome tena, kwa kawaida mwaka mmoja kamili. Hafundishwi upya kuchoma sindano, kwa kuwa hayo anayajua. Anajifunza hatua za ukuaji wa mtoto, unyonyeshaji, huzuni inayoweza kumpata mama baada ya kujifungua, dalili za mtoto anayeteswa, namna ya kusoma takwimu za magonjwa ya mtaa mzima, na namna ya kuzungumza na mtu asiyetaka kuzungumza. Kwa kifupi, anajifunza kuona kabla ugonjwa haujafika.

Ubelgiji, nchi iliyotutawala, ilifuata njia yake. Mwaka 1919, baada ya vita vilivyowaacha watoto wengi katika njaa, iliunda kwa sheria Shirika la Taifa la Utoto, ambalo kwa Kifaransa huitwa Œuvre Nationale de l'Enfance. Akina mama walileta watoto wapimwe uzito na kuangaliwa na daktari, na wauguzi waliofunzwa kutembelea nyumba walizifuata familia huko zilikoishi. Mtindo huo, wenye mizani katikati yake, ndio uliosafiri hadi Katanga.

Mizani katika kambi za shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya kwanza iliajiri hasa wanaume wasio na familia zao, kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengi walitoroka, na kuwatafuta wengine katika nchi za mbali kuligharimu fedha nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa yake. Ikataka mfanyakazi akae kwa mkataba wa miaka mitatu, pamoja na mke na watoto, katika kambi yenye nyumba, hospitali, mahali pa kujifungulia na shule. Mtu aliyeiongoza siasa hiyo kwa miaka mingi alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 alichapisha kitabu juu ya siasa ya kijamii ya Union Minière na matokeo yake katika miaka 20.

Ni haki kusema wazi kwamba huduma hizo ziliokoa maisha. Watoto waliopimwa, waliochanjwa na waliopata chakula walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua. Wazee wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaukumbuka kwa heshima usafi wa mahali pa kujifungulia na bidii ya masista waliowapokea duniani. Anayeidharau kumbukumbu hiyo anawadharau wazee wenyewe.

Lakini tujiulize: mizani ile ilikuwa ya nani? Kampuni ilihitaji wafanyakazi wa leo wenye nguvu na wafanyakazi wa kesho waliozaliwa kambini, ili isiendelee kuwatafuta mbali. Kwa hiyo huduma ilifungamana na utii. Chakula cha familia kilitoka mkononi mwa kampuni, nacho wazee wa Katanga wanakiita poso hadi leo. Mama alitakiwa kumleta mtoto siku iliyopangwa, na faida alizopata zilitegemea utii huo. Aliyekuja kukagua nyumba alikuja kwa niaba ya mwajiri wa mume.

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala aliyoichapisha mwaka 1988, alionyesha jambo zito zaidi. Katika Kongo ya Kibelgiji, huduma za watoto wachanga zilikwenda sambamba na jitihada za kufupisha muda wa kunyonyesha. Katika jamii nyingi za nchi yetu, mama alinyonyesha kwa muda mrefu, na wenzi walijitenga kwa muda huo ili mtoto apate nguvu kabla hajapata mdogo wake. Wakoloni wengi waliiona desturi hiyo kuwa kizuizi cha ongezeko la watu. Katika kambi za shaba, mtoto alilishwa kwenye kantini ya kampuni, aachishwe ziwa mapema, na mama ashike mimba nyingine mapema.

Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya hadi umri wa miaka miwili au zaidi, na mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ndivyo walivyokuwa wakisema bibi zetu. Wenye mizani walijua mengi, ila katika jambo hilo bibi asiyejua kusoma alikuwa karibu zaidi na ukweli. Hawakulijua hilo kwa sababu hawakuuliza. Waliingia nyumbani kufundisha tu.

Sisi waamini walei hatuna sababu ya kuficha kwamba watu wa Kanisa walikuwa ndani ya mpango huo, shuleni, hospitalini na katika nyumba za mafunzo ya akina mama. Wengi wao walitoa maisha yao kwa upendo wa kweli. Hata hivyo, kwa mama wa kambini haikuwa rahisi kuutofautisha mkono wa sista na mkono wa kampuni, kwa kuwa yote miwili iliingia kwa mlango mmoja.

Lingine la kukumbuka ni nani aliyefunzwa. Wakongo walifundishwa kusaidia. Kuanzia mwaka 1936, Léopoldville ilikuwa na shule ya kuwafunza wasaidizi wa daktari, nao walikuwa wanaume. Wanawake wengi walifundishwa kazi ya kumsaidia mkunga. Uamuzi na usimamizi vilibaki kwa Wazungu. Kwa hiyo mwanamke wa Katanga aliyeijua lugha ya jikoni hakupewa elimu ya juu, na yule mwenye elimu ya juu hakuijua lugha ya jikoni.

Musumba, mbali na reli

Sasa tuondoke kwenye kambi za shaba twende kaskazini-magharibi, katika wilaya ya Kapanga, iliko Musumba. Kila kijana wa Lualaba anajua kwamba Musumba ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani makao hayo yalihama, maana kila mfalme alijenga mji wake, na wote uliitwa Musumba. Ni nchi inayomkumbuka Ruwej, mwanamke aliyeshika bangili ya ufalme, na ambayo hadi leo ina vyeo vya heshima vya wanawake katika baraza la mfalme.

Musumba haikuwa na mgodi wa shaba. Reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kupita Kolwezi, iliiacha mbali. Wanaume wa pande hizo walikwenda migodini, lakini mizani na kantini za kampuni hazikuwafuata wake na mama zao waliobaki nyumbani. Huduma ya kisasa iliingia Kapanga kupitia misheni. Daktari Mmethodisti kutoka Marekani, Arthur Piper, alifika huko mwaka 1914 akafanya kazi kwa miongo kadhaa, na hospitali ya Samuteb ikakua kutokana na kazi hiyo. Sisi Wakatoliki twaweza kumtaja kwa shukrani, maana mgonjwa hakuulizwa kwanza anasali wapi.

Hata hivyo hospitali moja, hata iwe njema namna gani, humfikia yule anayeweza kuifikia. Mama aliyejifungulia kijijini mbali na Musumba wakati wa masika, njia ikiwa matope, alihudumiwa na mkunga wa jadi na mama mkwe wake. Hao walikuwa watembeleaji wa afya wa wakati wao. Walijua nani ana mimba, nani analia usiku, nani hana chakula. Hawakujua kwa nini kitovu kinaoza, au kwa nini mtoto aliyezaliwa salama anakakamaa siku ya saba na kufa kwa pepopunda. Waliaminiwa, lakini hakuna aliyewapelekea maarifa.

Mwaka 1978

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi yetu ilikuwa haijawa na Mkongo hata mmoja aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu chake. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka katika ghasia za mwaka huo, wauguzi wa Kikongo ndio waliozishika hospitali. Walifanya upasuaji, walizalisha, waliongoza. Tunapaswa kuwaheshimu. Lakini hali hiyo iliimarisha wazo kwamba ukuu wa muuguzi uko katika kumkaribia daktari, na kwamba kuiacha hospitali na kwenda nyumbani kwa watu ni kushuka.

Mwezi Mei 1978, vita viliingia Kolwezi. Wazee wenu wanakumbuka maiti barabarani na askari wa miavuli waliotoka angani. Mwezi Septemba wa mwaka uleule, mbali sana na hapa, katika mji wa Alma-Ata, wajumbe wa mataifa walikutana na kutangaza kwamba afya ya watu wote haiwezi kujengwa na hospitali kubwa peke yake. Lazima ianzie karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, kwa kuwashirikisha wao wenyewe.

Nchi yetu haikungoja tangazo hilo. Huko Kasongo, katika Maniema, ambako Kiswahili kinasemwa tangu zamani, timu iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilikuwa tayari, katika miaka ya 1970, ikijenga vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi waliozijua familia walizozihudumia. Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha uchunguzi juu ya chanjo ya surua. Waliuliza swali gumu: je, mtoto aliyeokolewa na surua kwa chanjo ataishi, au atachukuliwa na ugonjwa mwingine katika umaskini uleule? Watafiti wengine walilipinga hitimisho lao, na chanjo ya surua imethibitika kuwa baraka kubwa. Lakini swali lenyewe halijapoteza uzito. Baada ya kuchanjwa, mtoto hurudi katika nyumba ileile, na kisima kilekile.

Kutokana na mafunzo ya Kasongo na mahali pengine kama Bwamanda na Kisantu, katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo ni 519, Kapanga ikiwa mojawapo, na jiji la Kolwezi likiwa na za kwake, kama Dilala na Manika. Kwenye karatasi, kila eneo la afya lina kituo, na kila kituo kina muuguzi mwenye dhamana ya watu wote wa eneo lake, wagonjwa na wazima.

Kampuni inaanguka, jirani anaingia

Huku nyuma, mizani ya kampuni ilikuwa ikivunjika. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikoma, dawa zikaisha, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa utaratibu ulioitwa kuondoka kwa hiari. Familia zilizozoea kuhudumiwa tangu kuzaliwa hadi kuzikwa zikajikuta peke yake.

Ndipo zilipoanza zama za pili. Anayebisha hodi leo mtaani kwenu, akiwa na kopo la matone ya polio au daftari la vyandarua, hatumwi na kampuni. Ni jirani. Kwetu huitwa reko, yaani mtu wa kuunganisha jumuiya na kituo cha afya. Amechaguliwa na watu, anazijua nyumba zote, hana mshahara, na mara nyingi mafunzo aliyopata ni ya siku chache kabla ya kampeni. Anaaminiwa kama mkunga wa zamani alivyoaminiwa. Lakini akikuta mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, au mama asiyesema na mtu tangu alipojifungua, je, anajua anachokiona? Na akijua, muuguzi wa kituo, aliyefungwa na foleni ya wagonjwa kuanzia asubuhi hadi jioni, atapata saa ngapi ya kwenda naye?

Yako mambo katika nyumba zetu ambayo hata upendo wa jirani hauwezi kuyaona. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba, na mtaa ukachimbwa ukiwa na watu ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walikwenda kwenye familia hizo wakapima damu na mkojo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakazi wa mtaa wa jirani, na kwamba watoto walikuwa nayo nyingi zaidi. Sumu hiyo ilikuwa katika vumbi la uani na la sakafuni. Daktari hospitalini asingeiona. Ilibidi mtu mwenye maarifa aingie nyumbani, afagie vumbi, apime.

Elimu na imani pamoja

Je, tuwategemee majirani wenye mafunzo kidogo, au wauguzi wenye shahada? Ushahidi wa dunia unatukataza kuchagua kimoja na kutupa kingine. Katika wilaya ya Gadchiroli, India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwatembelea watoto wachanga na kutibu hatari za siku za kwanza. Mwaka 1999 walitangaza kwamba vifo vya watoto wachanga katika vijiji hivyo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake hao walifundishwa kwa kina na kusimamiwa kwa karibu. Kwa upande mwingine, huko Denver, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha ziara za wauguzi na ziara za wanawake wa kawaida waliofunzwa mpango uleule. Wote walisaidia, lakini kwa mambo mengi msaada wa wauguzi ulikuwa takriban maradufu.

Tunachojifunza ni kwamba jirani anahitaji kufundishwa kwa dhati, na anayemfundisha na kumsimamia anapaswa kuwa muuguzi aliyesoma zaidi ya uuguzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwa pamoja kwamba mtoto mchanga atembelewe nyumbani siku ya kwanza na siku ya tatu, na ikiwezekana mara nyingine kabla juma la kwanza halijaisha. Siku hizo ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo siku ambazo mama yetu, kwa desturi, hutoki nje. Ikiwa yeye hatoki, ni nani atakayeingia?

Nchi yetu haijaitukuza taaluma hii kama Uingereza ilivyofanya. Njia iliyo karibu nayo ni masomo ya afya ya jamii baada ya uuguzi. Muuguzi aliyehitimu na kufanya kazi aweza kuendelea katika Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba ya Lubumbashi, au katika Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Huko atajifunza kuhesabu magonjwa ya eneo zima, kupanga kazi ya kinga, na kuwaongoza watu wa kujitolea. Tunasikitika kwamba wengi wanaomaliza masomo hayo huvutwa na ofisi za miji mikubwa na miradi yenye magari. Ni haki yao kutafuta riziki. Lakini elimu inayoishia ofisini haijafika ilikokusudiwa, kama vile karatasi za Manchester.

Kwa hiyo tunawageukia ninyi. Kijana wa Musumba anayekijua Kilunda na Kiswahili, anayejua namna ya kumsalimu mama mkwe kabla ya kumgusa mjukuu wake, tayari ana nusu ya taaluma hii, ile nusu ambayo kampuni yenye fedha nyingi haikuweza kuinunua. Nusu ya pili inapatikana darasani, kwa miaka na kwa jasho. Anayekwenda kuitafuta na kurudi hajashuka cheo. Anakamilisha kazi ambayo historia yetu iliiacha nusu mara mbili.

Maria alipokwenda kwa Elisabeti mwenye mimba, alikaa naye yapata miezi mitatu. Alikwenda kama ndugu, akabaki kwa muda uliohitajika. Parokia nazo zina la kufanya. Zinaweza kumsaidia karo muuguzi mmoja kwa makubaliano ya kurudi. Zinaweza kuhakikisha kwamba mama aliyejifungua katika jumuiya yetu anatembelewa juma la kwanza, si kwa pongezi peke yake, bali na mtu anayejua dalili za hatari. Zinaweza pia kuwauliza wenye migodi ya leo, ambao hawana tena kantini wala poso, wanadaiwa nini na mtoto anayecheza katika vumbi lao.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni nani aliyeingia mwisho katika nyumba yenye mtoto mchanga kwa ajili ya afya? Alitumwa na nani, na alifundishwa nini?

2. Tuwaombe wazee wetu waliokulia katika kambi za kampuni watusimulie juu ya siku za kupimisha watoto. Wanakumbuka nini kwa shukrani, na nini kwa uchungu?

3. Kati yetu, yuko anayesomea uuguzi au anayetaka kuusomea? Ni nini kingemfanya akubali kusoma zaidi na kurudi kubisha hodi kwenye milango ya kwetu?